Mwaka Mlolongo Mfupi Uliposhinda

Nilipewa kipande cha chaki, kamba ya katani na daftari la shule la kurasa 32. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vya uchaguzi. Ilikuwa Februari 1988, nina miaka 26, mwalimu wa shule ya msingi katika kata moja ya Pwani ya Kenya, si ufukweni bali kule ndani ambako minazi huanza kupungua na mibuyu huanza kuongezeka. Jioni ya kuamkia siku ile chifu alipita shuleni akamwomba mwalimu mkuu ampe walimu wawili wenye sauti. Kama tunajua kuhesabu, hakuuliza.

Sanduku halikuwepo. Hapakuwa na karatasi ya kura, wala wino wa kidole, wala kile kibanda cha gunia anachoingia mtu peke yake na Mungu wake. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa mlolongo. Mgombea au wakala wake anasimama mbele ameinua picha, na anayemtaka anakwenda kusimama nyuma yake, mchana kweupe, mbele ya majirani, wakwe na watu wanaomdai. Halafu watu wanahesabiwa kama mbuzi wanaoingia zizini. Kwetu picha zilikuwa mbili. Mlolongo wa kwanza ulianzia kwenye goli la juu, ukapita madarasa ya watoto wadogo, ukazunguka choo cha wavulana, ukatoka nje ya ua hadi kwenye mwembe wa barabarani. Wa pili ulianzia goli la chini ukaishia mlangoni mwa stoo ya shule. Ule wa pili ungeweza kuupita kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kumaliza salamu.

Ulioshinda ni ule wa stoo.

Nimestaafu sasa, na katika miaka yangu ya darasani nimefundisha mengi ambayo watoto waliyasahau kabla ya kengele. Lakini hili nikilisimulia hakuna anayesinzia. Wajukuu huuliza swali moja tu: mliona kwa macho, mbona mkanyamaza? Nami huwaambia kwamba jibu halianzii siku ile uwanjani. Linaanzia kwenye ofisi ya chifu, nalo ni refu kuliko mlolongo wa mwembe.

Baba yangu alikuwa karani wa mudiri enzi za Mwingereza, katika ule ukanda wa maili 10 uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Huko walitawala liwali na mudiri. Ukivuka tu ukanda kuingia bara unamkuta chifu. Baba alikuwa akisema mudiri alijulikana kwa ukoo wake na chifu alijulikana kwa barua yake. Alikuwa na upendeleo wake, bila shaka, maana mudiri naye mshahara wake ulitoka serikalini kwa Mzungu huyohuyo. Lakini kuhusu barua hakukosea. Sheria ya mwaka 1902 ilimruhusu Mwingereza kumteua mtu kuwa mkubwa wa kijiji. Ile ya 1912 ikampa mamlaka, na ya 1937 ikayapanga vizuri zaidi. Chifu aliweza kuwatoa watu wakalime barabara, kukataza pombe, kuzuia ngoma, kumwamuru mtu asihame au asije. Hakuchaguliwa na mtu. Aliyemteua alikuwa juu yake, na juu ya huyo mwingine, hadi kwa Gavana.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, ngazi ile ilibaki imesimama vilevile. Gavana akaondoka, na mwaka mmoja baadaye, siku kama ile, nchi ikawa jamhuri na Jomo Kenyatta akawa Rais, mkuu wa dola na mkuu wa serikali kwa pamoja. Chini yake wakapangwa wakuu wa mikoa 8, chini yao wakuu wa wilaya, ambao hata bibi asiyejua kusoma aliwaita DC, kisha DO wa tarafa, kisha chifu wa kata, kisha naibu wake. Ulikuwa ni uzi mmoja kutoka Ikulu hadi kwenye mlango wa nyumba yako, bila fundo la uchaguzi mahali popote katikati.

Mafundo yalikuwepo, yakafunguliwa. Watu wa Pwani wa umri wangu hawasahau kwamba katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo, kila jimbo na baraza lake. Rais wa jimbo la Pwani alikuwa Ronald Ngala. Wa Bonde la Ufa alikuwa mwanasiasa mrefu, mpole wa sauti, aliyepigania majimbo kwa moyo wake wote: Daniel arap Moi. Novemba 1964 chama chao cha KADU kilijivunja kikaingia KANU, chama cha Kenyatta, na yale mabaraza yakanyang'anywa pesa, kisha madaraka, kisha hata jina. Baba alisoma habari hizo katika gazeti la Baraza, kila wiki, akiwa amevaa miwani yenye mkono mmoja wa uzi. Seneti ikafutwa. Mbunge akihama chama, akapoteza kiti. Serikali ikapata uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, chama cha Oginga Odinga cha KPU kikapigwa marufuku, na tangu hapo kikabaki chama kimoja ingawa hakuna sheria iliyosema hivyo. Kuna wanasiasa waliouawa kabla ya hapo, Pio Gama Pinto mwaka 1965, na Tom Mboya Julai ya 1969. Na kuna aliyeuawa baadaye, J.M. Kariuki, Machi 1975.

Kuna rekebisho moja la katiba ambalo kila nikilifikiria nacheka peke yangu. Mwaka 1975 Paul Ngei, waziri na rafiki wa Mzee Kenyatta tangu jela, alipatikana na hatia ya makosa ya uchaguzi, akawa amezuiwa kugombea. Katiba ikabadilishwa haraka haraka ili Rais aweze kumsamehe mtu wa namna hiyo, na Ngei akasamehewa. Katiba ya nchi nzima ilipasuliwa na kushonwa upya imtoshe mtu mmoja, kama fundi anavyopanua kiuno cha suruali.

Mzee alifariki Mombasa, Agosti 1978. Mimi nilikuwa na miaka 16, na nakiri bila haya: huyu aliyemfuata, Moi, tulimpenda. Desemba ile aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa. Mwaka uliofuata maziwa yakaanza kufika shuleni, maziwa ya Nyayo, katika pakiti za pembe tatu. Mtoto wa mwisho wa mama yangu alikuwa hakosi shule siku ya maziwa hata akiwa na homa. Rais alisema atafuata nyayo za Kenyatta, na neno hilo likawa falsafa: Amani, Upendo na Umoja. Tulidhani nyayo ni njia. Hatukuuliza zinaelekea wapi.

Juni 1982 Bunge liliongeza maneno machache kwenye katiba, Kifungu cha 2A, kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa, nacho ni KANU. Sababu yake ilijulikana: Odinga na George Anyona walikuwa wakijiandaa kusajili chama kingine. Hoja ililetwa Bungeni na Charles Njonjo na kuungwa mkono na Mwai Kibaki, Makamu wa Rais. Mwaka mmoja baadaye Njonjo mwenyewe alikuwa ameitwa msaliti na kuundiwa tume ya uchunguzi. Chama alichokifanya kuwa cha pekee kikawa hakina nafasi yake.

Nilikuwa chuo cha ualimu asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, 1982, redio ilipoanza kupiga muziki wa jeshi. Kisha ikaja sauti ya Leonard Mambo Mbotela, sauti tuliyoizoea kwa mambo ya ungwana na soka, ikisema serikali imepinduliwa. Wanajeshi wa anga walikuwa wamemtoa nyumbani kwake wakamweka mbele ya kipaza sauti. Kabla jua halijatua jeshi lilikuwa limewazima. Lakini tangu siku ile Rais hakuwa tena yule wa maziwa. Hata barazani chifu wetu alianza kuzungumza kama mtu anayesikilizwa na mwingine aliyejificha nyuma ya pazia.

Sasa nieleze utawala huo ulivyokuwa ukionekana ukiwa chini kabisa, maana vitabu hueleza wa juu.

Ulionekana kwanza kwa picha. Kila duka, kila buchari, kila ofisi ilikuwa na picha ya Rais ukutani, na mwenye duka alijua kwamba picha ikianguka kioo kikavunjika asikae nayo mpaka kesho. Ulisikika kwa redio: habari za saa saba mchana zilianza na Mtukufu Rais, alipokwenda kanisani, alipopanda mti, alipochangia harambee. Mafuriko, ajali, mpira, vyote vilisubiri zamu. Asubuhi shuleni watoto walipanga mistari wakaapa utiifu kwa Rais na nchi, na Rais alitajwa kabla ya nchi. Mimi ndiye niliyewafundisha kuweka mkono kifuani.

Kisha kulikuwa na kadi. Kadi ya KANU, yenye picha ya jogoo, hukulazimishwa na sheria kuinunua. Ila ukienda sokoni vijana wa chama wako mlangoni. Ukienda kutafuta leseni ya kioski unaulizwa. Ukipanda matatu siku ya mkutano unaulizwa. Baba aliyekuwa amestaafu, asiye na duka wala siasa, alinunua yake akaiweka kwenye kopo la majani ya chai pamoja na hati ya shamba. Nilipomuuliza kwa nini pale, akasema, "Zote mbili ni za kuonyesha nikifukuzwa."

Na juu ya yote, au tuseme chini ya yote, kulikuwa na chifu. Ukitaka mtoto apate kitambulisho, barua ya chifu. Basari ya shule, barua ya chifu. Kuombea marehemu kwa mkesha wa usiku, ruhusa ya chifu. Mkutano wa watu wachache chini ya mti, hata wa kupanga kisima, ulihitaji leseni ya DC, na sheria iliyodai leseni hiyo ilikuwa ya mkoloni. Tangu 1983 hata mipango ya maendeleo iliwekwa wilayani mikononi mwa kamati aliyoiongoza DC. Mbunge tuliyemchagua alikuja kuomba barabara kwa mtu ambaye hatukumchagua. Chifu wetu hakuwa mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Alimsaidia mama yangu kupata dawa. Alijua jina la kila mtoto. Lakini aliishi kwa kutetemeka. Niliwahi kumwona akisubiri gari la DO kwa saa nne juani, kofia yake ngumu mkononi, bila kuketi, kwa sababu hakujua litakuja kutoka upande gani.

Wakati huohuo mimi darasani nilikuwa nafundisha somo jipya la mfumo wa 8-4-4, ule ulioanza 1985, jiografia, historia na uraia kwa pamoja. Nilichora ubaoni maduara matatu: Bunge, serikali, mahakama. Kitabu kilisema kila moja linachunga jingine. Mwaka 1986 katiba ikarekebishwa, ulinzi wa kazi wa Mkuu wa Sheria na wa Mkaguzi wa Hesabu ukaondolewa. Rais akiamka vibaya wanaondoka. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Mtoto mmoja wa darasa la saba aliniuliza kama duara la katikati ndilo linalochunga yale mengine mawili. Nikamwambia akae chini. Sijui yuko wapi leo, ila ningependa kumwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi na mwalimu wake aliogopa.

Bungeni nako kulikuwa na woga wa aina yake. Chama kilikuwa na kamati ya nidhamu chini ya Okiki Amayo, na aliyefukuzwa chamani alipoteza kiti cha Bunge siku hiyohiyo, maana hukuweza kuwa mbunge bila kuwa KANU, na KANU nyingine haikuwepo. Wanaume wazima walikwenda kujitetea kwa sababu hawakupiga makofi vya kutosha. Kamati ilikuja kuvunjwa 1987 ilipoanza kuogopwa kupita kiasi. Woga wake haukuvunjwa nayo. Na mwaka ule uliotangulia, 1986, ndipo ilipoanza ile misako ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani; wahadhiri na wanafunzi wakapotea wiki kadhaa, kisha wakatokea mahakamani wamekonda na kukiri kila walichoambiwa. Walikokuwa kulikuja kuonyeshwa wazi Februari 2003: vyumba vya chini ya Nyayo House, katikati ya Nairobi, vilivyokuwa vikijazwa maji.

Katika mwaka huohuo wa 1986, mwezi Agosti, KANU ikaamua kwamba mchujo wa wagombea utakuwa wa mlolongo. Walioutetea walisema kura ya siri ndiyo inayoibwa, kwamba masanduku hubadilishwa njiani usiku, na kwamba mlolongo ni wa uwazi na wa Kiafrika. Hoja haikuwa ya kijinga kabisa. Masanduku kweli yalikuwa yakibadilishwa. Makanisa ndiyo yaliyopinga kwa sauti, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Henry Okullu, David Gitari, pia mawakili. Wachungaji walisema, na kwa haki, kwamba atakayesimama nyuma ya mmoja siku ya Jumatatu atawakosa nusu ya waumini Jumapili. Kulikuwa na kipengele kingine kilichopita kimyakimya: atakayepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo anakuwa mbunge papo hapo. Kwake hakutakuwa na kura ya siri tena. Hapo ndipo penye ndoano.

Nirudi uwanjani.

Tulianza asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani. Wagombea waliotarajiwa walikuwa watatu, lakini mmoja alitangazwa kuwa amejitoa kwa hiari yake. Alikuwa amesimama pale pale, akitazama viatu vyake. Watu walijipanga polepole, kila mmoja akitazama mwenzake ataelekea wapi. Mke wa mwenye buchari alikwenda mlolongo mrefu, akasimama, akamwona mumewe katika ule mfupi akimtazama, akahama. Buchari ina leseni. Kijana mmoja mwenye mke mpya alimvuta amfuate, lakini baba mkwe alikuwa amesimama pale mbele, na kwetu mke wa mwana hasimami akasuguana bega na mkwewe. Binti wa watu akabaki katikati ya uwanja, hana pa kwenda, mpaka hesabu ikaisha bila yeye.

Askari mmoja wa utawala alipita kando ya mlolongo wa mwembe na kijitabu, akisimama hapa na pale akiandika. Watu kama kumi walitoka kwa kuona kijitabu kile. Baadaye, akiwa amekiweka juu ya benchi anakunywa maji, nilikichungulia. Hakukuwa na jina hata moja. Alikuwa akichora mistari tu, kama mtoto anayejifunza kushika kalamu. Lakini kazi yake ilikuwa imekwisha na ilifanyika vizuri.

Chaki ilikuwa ya kuweka alama kwenye mkono wa kila niliyemhesabu, asije akakimbilia mbele akahesabiwa tena. Bibi mmoja wa makamo, mwenye leso mpya kabisa, alirudisha mkono nyuma. "Mwanangu, usinichafulie leso. Nihesabu kwa macho." Nikamhesabu kwa macho. Nilipofika kwenye mwembe daftari langu lilikuwa na kurasa kadhaa za vijiti, vitano vitano. Mwenzangu wa mlolongo mfupi alikuwa amemaliza zamani, ameketi mlangoni mwa stoo anakula andazi.

Chifu akapanda juu ya benchi na kipaza sauti. Akamtaja mtu wa mlolongo wa stoo. Akasema amepata zaidi ya asilimia 70. Kukawa kimya, kimya ambacho unasikia kuku wa jirani, halafu kutoka upande wa choo cha wavulana mtu akacheka. Hakuzomea. Alicheka tu, kicheko kirefu cha mtu aliyesimuliwa hekaya, na wengine wakaanza, ukacheka mlolongo mzima kutoka goli hadi barabarani. Kisha wakatawanyika, wanafuta chaki mikononi.

Nilikuwa kijana. Nilimfuata na daftari langu.

"Bwana Chifu, hesabu yangu hii hapa."

Akalichukua, akalifungua, akapitisha kidole kwenye vile vijiti ukurasa mmoja hadi mwingine, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Hesabu yako nzuri, mwalimu," akasema. "Lakini imechelewa. Matokeo yameshakwenda." Akaliweka kwapani akaenda zake. Sikuliona tena daftari lile.

Machi 21, siku ya uchaguzi mkuu, sehemu nyingine za Kenya zilipiga kura ya siri. Sisi tulikwenda shambani. Mbunge wetu alikuwa ameshapita, yeye na makumi ya wenzake katika majimbo 188 ya wakati ule. Wala hapakuwa na cha kukatia rufaa. Kura ya karatasi ukiibiwa, unaweza kudai ihesabiwe upya. Mlolongo utauhesabu upya vipi? Watu wameshakwenda kula.

Nimesoma wanaosema utawala ule ulianguka kwa sababu ya wafadhili, na ni kweli kwamba Novemba 1991 walizuia misaada, na mwezi uliofuata Moi mwenyewe aliwaambia wajumbe wa KANU kule Kasarani kwamba Kifungu cha 2A kiondoke. Ni kweli pia Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Lakini mimi nauhesabu kutoka kwenye kile kicheko. Kabla ya hapo mtu angeweza kudhani yeye peke yake ndiye anayeona. Siku ile kila mtu alikuwa ameona, na alikuwa ameona kwamba mwenzake ameona. Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri kwa sababu ya uchaguzi wa chama ulioibwa vivyo hivyo, wakamfukuza. Mei 1990 yeye na Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani, Julai wakakamatwa, na tarehe 7, Saba Saba, watu wakaenda Kamukunji hata hivyo wakapigwa. Mwaka huohuo Rais aliunda kamati chini ya George Saitoti izunguke nchi isikilize maoni kuhusu chama. Ilidhaniwa watu wangeomba maji na barabara. Watu walisimama mkoa baada ya mkoa wakausema mlolongo. Desemba 1990 mlolongo na ile asilimia 70 vikafutwa pamoja.

Tarehe 29 Desemba 1992 nilikuwa karani tena, shule ileile. Safari hii nilipewa orodha ya majina, wino na karatasi zenye alama za vyama. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, maana wapinzani waligawana zilizobaki. KANU ikakaa miaka mingine 10. Yule bibi wa leso alikuja pia, amezeeka, akanyoosha kidole na kuuliza kama leo chaki hakuna.

Sheria ya machifu ilipunguzwa makali 1997. Katiba mpya ikaja 2010. Chifu bado yupo. Mwezi uliopita nilikwenda kwake kumtafutia mjukuu barua ya kitambulisho, nikamkuta kijana mstaarabu mwenye kompyuta. Mwembe ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Kura za 1992 zilikuwa za karatasi, lakini kwa mlolongo wa 1988 hapakuwa na kura ya kuhifadhiwa. Kilichobaki kiko vichwani mwetu tuliosimama pale, na sisi tunapungua kila mwaka. Basi kama ulisimama kwenye mlolongo ule, popote ulipokuwa, mwite mtoto mwenye kalamu akuandikie mambo matatu: ulisimama nyuma ya nani, mlolongo wako uliishia wapi, na jina la nani lilitangazwa.